Ampea 25 za Kazi Gani?

Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga karibu na Kibaigwa, kule mahindi ya Dodoma yanakokusanyika kabla ya kusafirishwa, aliniletea stata yake ikiwa ndani ya kiroba. Jioni iliyotangulia kijana wake aliona mkanda umeanza kuchanika, akabonyeza kitufe chekundu ili auangalie. Mota haikusimama. Akabonyeza tena, mota inazunguka tu. Kabla ya kugusa chochote alikimbilia swichi kubwa ya ukutani akaishusha, na ndiyo maana leo vidole vyake vyote vipo.

Nilipoifungua ile stata nilikuta pointi za kontakta zimegandana. Mbili kati ya tatu zilikuwa zimeyeyuka na kushikana kama zimechomelewa. Koili ilikuwa nzima, vitufe vilikuwa vizima, waya zilikuwa zimekazwa vizuri. Kilichokufa ni kile kipande kinachotakiwa kutenganisha umeme na mota.

"Lakini fundi, si ina nembo?" mama akaniuliza. "Niliambiwa hii ni orijino."

Ilikuwa orijino kweli. Kontakta ilitoka kwenye kiwanda kinachojulikana, na ubavuni ilikuwa na namba ya kiwango na alama zote zinazotakiwa. Kosa lilikuwa kwenye namba 25 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa usoni. Mota ya mama ni ya kilowati 7.5, hospawa 10, na kibati chake kinasema ampea 15. Aliyeuza aliona 25, akaona inatosha na chenji inabaki. Lakini pembeni ya ile 25, kwa herufi ndogo, paliandikwa AC-1. Mstari wa chini yake ulisema AC-3: ampea 12, kilowati 5.5.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mstari huo wa chini. Kama una mashine ya kusaga, pampu ya kisima, msumeno wa mbao au mashine ya kukamua alizeti, huo ndio mstari unaoununua, na nembo zote zilizo juu ya kifaa zinaapa juu ya kilichoandikwa hapo tu.

AC-1 ni mzigo mtulivu: hita, oveni, kitu kinachovuta umeme uleule tangu kinapowashwa hadi kinapozimwa. AC-3 ni mota ya kawaida inayowashwa ikiwa imesimama na kuzimwa ikiwa inazunguka. Tofauti yake ni kubwa kwa sababu mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita, mara nyingine mara nane, ya ampea zilizo kwenye kibati chake, kwa sekunde chache hadi ipate mwendo. Mota ya ampea 15 hugonga pointi kwa ampea 90 au 120 kila asubuhi. Maabara inapopima kontakta ya ampea 12 za AC-3 huifunga kwa ampea 120 na kuifungua kwa ampea 96, lakini huo ni mtihani wa mara chache wa kuona kama itastahimili. Kontakta ya mama ilikuwa inafanya mtihani huo kama kazi ya kila siku. Ipo pia AC-4, kwa mota inayowashwa na kuzimwa kwa vipande vifupi au kugeuzwa ghafla upande wa pili, kama ya winchi ya kunyanyulia mizigo. Hiyo huchosha pointi zaidi, na kontakta ileile huandikiwa ampea chache zaidi.

Kwa hiyo ukifika dukani usiseme "nipe kontakta ya 25." Sema: "Nataka ya mota ya kilowati 7.5, volti 400, AC-3." Muuzaji anayeijua kazi yake atageuza kifaa na kukuonyesha mstari wenyewe. Asiyeujua atasema zote ni sawa, na hapo aga kwa heshima uende duka jingine.

Kiwango kinachohusu kontakta na stata za mota kinaitwa IEC 60947-4-1. IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, iliyoanzishwa London mwaka 1906 na ambayo sasa ina makao yake Geneva. Mashirika yetu ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya yakiwemo, hufuata viwango vingi vya tume hiyo, kwa hiyo namba hiyo ina maana ileile Mwanza na Mombasa. Katika lugha ya viwango hivi vifaa hivi vyote ni vya "voltiji ya chini", maana yake visizidi volti 1,000 za AC au 1,500 za DC. Jina hilo limewadanganya watu. Volti 400 zinazosaga mahindi zimo humo, na zinaua.

Kiwango chenyewe kinalazimisha maandishi fulani yawepo kwenye kifaa: jina la mtengenezaji, namba ya aina, namba ya kiwango, volti, ampea na aina ya matumizi. Sehemu za kufungia waya nazo zina majina yake. Umeme huingilia 1/L1, 3/L2 na 5/L3, na kutokea 2/T1, 4/T2 na 6/T3. Koili ni A1 na A2. Kwenye ovalodi, kifaa kinacholinda mota isiungue, utaona 95-96 na 97-98. Kifaa ambacho hakina haya, au kimeyaandika kwa rangi inayofutika kwa kidole chenye mate, usikinunue hata kama boksi lake linang'aa. Kuwepo kwa maandishi hakuthibitishi kwamba kifaa si feki, kwa kuwa waghushi nao wanajua kuandika. Ndiyo maana kuna vyeti.

Tuanze na CE, kwa sababu ndiyo watu wanayoiamini kupita kiasi. Wengi wanaiona kama muhuri wa serikali za Ulaya. Kwa vifaa vya aina hii CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Chini ya Agizo la Ulaya namba 2014/35/EU, linalohusu vifaa vya volti 50 hadi 1,000 za AC, mtengenezaji hukipima kifaa chake, huandaa nyaraka, husaini tamko na kuweka alama. Halazimiki kupita kwa mkaguzi wa nje. Mtengenezaji mwaminifu huifanya kazi hiyo kwa bidii, na huko Ulaya tamko lake linaweza kumfikisha mahakamani likiwa la uongo. Kwenye rafu ya duka la mjini kwetu, CE iliyo peke yake inakuambia kwamba kuna mtu amesema kifaa kiko sawa. Omba kuona hilo tamko na jina la aliyelisaini.

UL ya Marekani, iliyoanza mwaka 1894, inafanya kazi kwa namna nyingine. Hapo chombo huru hupima kifaa, kisha wakaguzi wake huendelea kutembelea kiwanda kuona kama kinachotengenezwa leo ni kilekile kilichopimwa. Kwa miaka mingi kiwango chao cha vifaa vya kuendeshea mota kilikuwa UL 508, na baadaye wakahamia UL 60947-4-1, jamaa wa kile cha IEC. Mota za kule zinakadiriwa kwa hospawa na umeme wao ni wa hezi 60, kwa hiyo kwenye kifaa chenye UL tafuta pia mstari wa kilowati kwa volti 400. Hospawa zilizoandikwa kwa volti 480 hazikusaidii.

Cheti ninachopenda kukiona zaidi ni cha CB, kinachotolewa chini ya mfumo wa IECEE. Maabara ya nchi moja hupima kifaa kwa kiwango cha IEC, na vyombo vya nchi nyingine wanachama huyakubali matokeo. Vyeti hivi vinaweza kutafutwa kwenye intaneti kwa namba yake, na UL nao wana orodha yao iliyo wazi. Ukipewa cheti, usikiangalie kwa haraka ukakirudisha. Linganisha namba ya aina iliyo kwenye cheti na iliyo kwenye kifaa, herufi kwa herufi, maana tofauti ya herufi moja yaweza kuwa kifaa kingine kabisa. Tazama kama kiwango kilichotajwa ni 60947-4-1, kama ampea za AC-3 zimeandikwa humo, na kama maabara imetajwa kwa jina. Na muuzaji akikutolea cheti cha ISO 9001, mshukuru, lakini jua kwamba hicho kinasifu utaratibu wa usimamizi wa kiwanda. Hakisemi neno juu ya kontakta uliyoshika.

Nembo za hapa nyumbani zina faida ambayo zile za mbali hazina: ukidanganywa, una mlango wa kugonga. Vyombo vyetu hutaka bidhaa nyingi za nje zikaguliwe ulinganifu wake na kiwango kabla hazijaingia sokoni, na Kenya ina stika ya kuonyesha bidhaa iliyoagizwa imepita. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inazitaka nchi wanachama zitambuliane alama za ubora, kwa hiyo kifaa chenye alama ya Kenya au Uganda si mgeni Tanzania. Ukishuku bidhaa ghushi, Tanzania peleka taarifa TBS au Tume ya Ushindani, na Kenya kuna mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa ghushi. Tunza risiti na boksi. Watu hutupa boksi siku ileile, na boksi ndilo lenye namba za toleo.

Sasa kuna jambo linaloniumiza zaidi ya mota zilizoungua, kwa sababu hili linaondoka na mikono ya vijana. Mashine nyingi ndogo hazina stata kabisa. Mota imefungwa kwenye sakiti breka au kwenye swichi ya kushusha na kupandisha kwa mkono. Umeme unakatika, mashine inasimama, kijana anafungua ili atoe gunzi lililokwama kwenye nyundo. Hakuna aliyekumbuka kushusha swichi. Umeme unarudi.

Stata yenye kontakta inazuia hilo kwa umbile lake. Koili ikikosa umeme, kontakta inaachia, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Kiwango cha usalama wa umeme kwenye mashine, IEC 60204-1, kinataka hivyo hasa: umeme unaporudi, mashine isijiwashe yenyewe pale ambapo kujiwasha kunaweza kuleta madhara. Jaribu mwenyewe siku fundi anapokukabidhi kazi. Mashine ikiwa tupu na inazunguka, mwambie ashushe swichi kubwa, hesabu hadi ishirini, kisha aipandishe. Mota inapaswa kukaa kimya. Ikianza kuzunguka, usimlipe hadi airekebishe.

Kwa mashine ya kusaga sioni udhuru wa kukosa stata. Pampu ya kisima ni suala jingine, kwa kuwa mara nyingi huwashwa na boya la tangi na hakuna anayesimama karibu nayo. Lakini hapo angalia ovalodi. Ina kiswichi kidogo cha kuchagua irudi kwa mkono au ijirudie yenyewe. Ikiwa kwenye kujirudia, pampu inayoendeshwa na boya itajiwasha kila ovalodi inapopoa, ikate, ipoe, ijiwashe, usiku kucha, hadi mota iungue, au hadi fundi aliyeshuka kuikagua aikute ikiamka mikononi mwake. Iweke kwenye kurudi kwa mkono.

Ovalodi ndiyo mlinzi wa mota, na ndiyo inayoonewa kuliko kifaa chochote kwenye boksi. Kazi yake ni kupata joto mota inapopata joto, na kukata kabla nyaya za ndani ya mota hazijaungua. Kiwango kinasema ikiwa imesetiwa ampea 15, isikate kwa saa mbili ikipitishiwa mara 1.05 ya hapo, na ni lazima ikate ndani ya saa mbili ikipitishiwa mara 1.2. Kwa mara 7.2, ambayo ni hali ya mota iliyokwama, ovalodi ya daraja la 10 inakata kati ya sekunde 4 na 10, na ya daraja la 20 kati ya sekunde 6 na 20. Mashine ya nyundo nzito inayochukua muda kupata mwendo inaweza kuhitaji daraja la 20. Pampu ya kisima inataka la 10 au la haraka zaidi.

Kinachotokea mitaani ni hiki: ovalodi inakata mara mbili mchana, wateja wamepanga foleni na madebe yao, fundi anaitwa, anachukua bisibisi na kuizungusha kutoka 15 hadi 18. Inaacha kukata, fundi anasifiwa, na baada ya miezi miwili mota inapelekwa kusukwa upya. Ovalodi ilikuwa inasema kweli. Pengine chekecheo limeziba, beringi zimekwisha, mahindi ni mabichi, au fezi moja imelegea. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja inaendelea kuzunguka kwa kuunguruma, na ampea kwenye fezi mbili zilizobaki zinapanda kama mara 1.7. Ovalodi nzuri inalitambua hilo na kukata. Kwa hiyo inapokata, pima kwanza fezi zote tatu kwa klampu mita. Namba ya kuseti ni ile iliyo kwenye kibati cha mota. Isipokuwa kwenye stata ya sta-delta, ambako ovalodi mara nyingi hukaa ndani ya mzunguko wa delta na huona asilimia 58 tu ya ampea za mota. Mota ya ampea 30 hapo inasetiwa 17.4. Nimekuta nyingi zimesetiwa 30, na ni sawa na kutokuwa na ovalodi kabisa.

Kabla ya stata panatakiwa sakiti breka au fyuzi ya kukabiliana na shoti, kwa kuwa ovalodi haina mbio za kutosha kwa shoti. Watengenezaji hutoa majedwali ya breka ipi iende na kontakta ipi. Humo utaona aina ya 1 na aina ya 2. Aina ya 1 inaahidi kwamba shoti ikitokea hakuna mtu atakayedhurika, lakini kontakta yaweza kuwa imekufa. Aina ya 2 inaahidi kwamba baada ya shoti vifaa vinaweza kuendelea na kazi. Kwa kisima kinachotegemewa na kijiji kizima, lipia aina ya 2.

Boksi nalo lina kiwango chake. Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni kuzuia vumbi, ya pili ni kuzuia maji. Chumba cha mashine kina unga hewani kutwa nzima, kwa hiyo usikubali chini ya IP54, na IP65 ni bora. Unga ukishika unyevu hupitisha umeme, ukikauka hushika moto. Lakini IP65 inaisha siku fundi anapotoboa tundu juu ya boksi, akapitisha waya na kuliacha wazi. Mjusi huingia hapo. Waya ziingilie chini, kila moja na glandi yake, na tundu lisilotumika lizibwe. Mwili wa mota na boksi la chuma vyote vifungwe waya wa ethi, na uone kwa macho yako unakoishia.

Kwa walio mwisho wa laini, mbali na transfoma, neno moja zaidi. Koili inatakiwa kufanya kazi kati ya asilimia 85 na 110 ya volti zake. Ya volti 230 inavumilia hadi kama 196. Zikishuka zaidi wakati mota inapowashwa, kontakta inalia kama cherehani, inashika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, na kila mguso unachoma pointi. Mama alikiri kwamba yake ililia hivyo kwa wiki kadhaa. Wengine hukata kijiti na kukikandamiza kontakta isiachie. Kijiti hicho kinaua kila ulinzi uliosomwa hapa: kitufe chekundu hakizimi, ovalodi haikati, na umeme ukirudi mashine inaondoka yenyewe. Ukikuta kijiti kwenye stata yako, simamisha kazi siku hiyo. Dawa ni waya mnene zaidi kutoka mita hadi mota, au stata ya kuanzisha mota taratibu, na kuomba voltiji ipimwe.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni, ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, na uombe kuiona kama unavyoomba kuona leseni ya dereva.

Kwa mama niliweka kontakta ya AC-3 ampea 25. Kwa mota yake ya kilowati 7.5 ingetosha ya ampea 18, ila voltiji ya pale huyumba na niliona bora kupanda ngazi moja. Usoni mwake namba kubwa ni 40. Ovalodi ni ya kati ya ampea 12 na 18, nikaiseti 15. Tulisaga debe mbili za mahindi huku nikipima: fezi zote tatu zilikuwa kati ya 13 na 14. Nikaandika namba hizo na tarehe kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa boksi.

Mama alivaa miwani, akaisoma karatasi, kisha akainama kwenye kontakta akatafuta mwenyewe ule mstari wa chini hadi akauona. Akamwita kijana wake aje ausome pia. Kijana aliusoma, akawasha mashine, akasubiri ishike mwendo, akabonyeza kitufe chekundu, na sote watatu tukasimama tukisikiliza mpaka nyundo zilipotulia.